Saa Nyingi Kazini na Afya ya Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mfanyakazi anayeona kazi imemzidi, na ya msimamizi anayeona watu wake wanadhoofika na hajui aanzie wapi. Jambo moja litajirudia: saa nyingi zinaumiza zaidi kwa kile zinachokula, yaani usingizi, watu wako, na muda wa akili kuachana na kazi.

Saa ngapi kwa wiki ndizo nyingi mno?

Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu, ila ipo mipaka inayotumika. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Umoja wa Ulaya unataka wastani usiozidi saa 48 kwa wiki, ovataimu ikiwemo, na angalau saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio ya pamoja. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa takriban 17%, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee walikadiria vifo 745,000. Hizo ni habari za moyo na mishipa ya damu. Kwa upande wa akili, utafiti wa muda mrefu wa watumishi wa serikali ya Uingereza unaojulikana kama Whitehall II ulitoa matokeo mwaka 2012: waliokuwa wakifanya kazi saa 11 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kupata sonona kali kuliko wenzao wa saa 7 hadi 8, na mwanzoni mwa ufuatiliaji hawakuwa nayo.

Kipimo tunachopendekeza: ukiwa chini ya 48 na bado unaumia, tafuta sababu nyingine kwanza, kama aina ya kazi, msimamizi au mambo ya nyumbani. Kati ya 48 na 55, fuatilia usingizi wako kila wiki. Ukivuka 55 kwa zaidi ya mwezi mmoja, anza kuamua kipi kipunguzwe, hata kama bado hujahisi lolote.

Nizihesabu vipi saa zangu?

Usikadirie kwa kumbukumbu. Watu wengi hukosea, na mara nyingi husahau vipande vidogo. Chukua daftari au simu, andika kwa wiki 2 kamili: muda wa kuanza, muda wa kumaliza, mapumziko uliyopumzika kweli (chakula unachokula huku unajibu barua pepe ni kazi), kazi ya usiku nyumbani, na simu za wikiendi. Simu ya dakika 10 iandike dakika 10, lakini iwekee alama, kwa sababu tutairudia.

Mfano: mtu anaingia saa 2:00 asubuhi, anatoka saa 12:30 jioni, anapumzika nusu saa. Hizo ni saa 10 kwa siku, 50 kwa siku 5. Jumamosi saa 4, na vipande vya jioni jumla saa 3. Amefika 57, na ukimuuliza atakwambia "kama hamsini hivi". Muda wa kwenda na kurudi usiuingize kwenye jumla hiyo, uandike pembeni: si kazi kisheria kwa walio wengi, ila unakula usingizi uleule.

Kwa nini hasa saa nyingi zinaathiri akili?

Anza na hesabu ya siku. Kati ya saa 24, toa 11 za kazi, 2 za njiani, 3 za kupika, kula, kuoga na kushughulika na watoto. Zimebaki 8. Ukichukua saa moja ya kukaa na watu wako, unalala 7. Ukichelewa kutoka kwa saa moja na nusu, unalala 5 na nusu, kwa sababu usingizi ndio pekee usiolalamika siku hiyohiyo. Unalalamika baadaye, kwa hasira zisizo na kichwa wala miguu, kusahausahau, na hofu inayokuja saa 9 usiku.

Lakini usingizi si hadithi nzima. Mwili ukiwa kazini unakaa katika hali ya kujihami: mapigo ya moyo yako juu, homoni za msongo kama kotisoli na adrenalini ziko kazini. Hali hiyo haina ubaya ikiwa inashuka. Inashuka pale akili inapoachana na kazi kabisa, si pale mwili unapotoka ofisini. Ndiyo maana ile simu ya dakika 10 tuliyosema uiwekee alama ina gharama kubwa kuliko dakika zake: ikiingia saa 3 usiku inaiamsha akili upya, na unaweza kukaa saa nzima ukiitafuna. Watafiti wa mapumziko, akiwemo Sabine Sonnentag wa Ujerumani, wamelisisitiza sana suala hili la akili kujitenga na kazi nje ya saa za kazi.

Kuna pia suala la mamlaka. Mwaka 1979 Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayodai mengi huku ikimpa mtu uhuru mdogo wa kuamua ndiyo inayochosha vibaya zaidi. Mwaka 1996 Johannes Siegrist akaongeza upande wa malipo: mtu anayejituma sana na kupata kidogo, iwe pesa, heshima au uhakika wa ajira, ndiye anayeumia. Weka hayo juu ya saa nyingi uone kwa nini watu wawili wenye saa 55 hawafanani hata kidogo.

Nitatofautisha vipi uchovu wa kawaida, uchovu uliokithiri wa kazi na sonona?

Uchovu wa kawaida unaondoka ukipumzika. Ukilala vizuri usiku 2 au 3 na kukaa mbali na kazi, hamu inarudi.

Uchovu uliokithiri wa kazi una alama 3, kama zilivyoelezwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kuiona kwa kejeli na chuki, na kujiona huwezi tena kuifanya vizuri. Shirika hilo limeuweka kama hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, na halikuuita ugonjwa. Dalili ya kuangalia: Jumapili jioni moyo unakuwa mzito, lakini ukiwa na rafiki zako bado unacheka.

Sonona haibagui. Inakufuata nyumbani, msibani, harusini. Vitu ulivyovipenda havina ladha, usingizi au hamu ya kula inabadilika, unajilaumu kwa mambo madogo, na hali hiyo inakaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Uchovu uliokithiri ukiachwa unaweza kugeuka sonona, na sonona iliyoanza kwa sababu nyingine inaweza kuonekana kama uchovu wa kazi. Ukishindwa kutofautisha, usijilazimishe kutambua mwenyewe. Hiyo ni kazi ya daktari.

Dalili gani huja mapema, kabla mambo hayajaharibika?

Mara nyingi si huzuni, na ndiyo maana hupita bila kuonekana. Ni kukereka kwa vitu vidogo: mtu akiuliza swali la kawaida unamjibu kwa ukali. Kusoma aya moja mara 3. Kuahirisha kazi nyepesi kwa siku 4. Kuacha kujibu ujumbe wa ndugu na rafiki kwa kuwa "nitajibu nikitulia". Maumivu ya kichwa, ya mgongo, tumbo kuvurugika bila sababu. Kuongeza vikombe vya kahawa mchana na glasi za pombe usiku. Makosa ambayo ulikuwa huyafanyi.

Hilo la mwisho lina mtego wake. Mtu akianza kukosea, anaongeza saa ili arekebishe, anapunguza usingizi, anakosea zaidi. Ukiona umeingia kwenye mzunguko huo, kuongeza juhudi hakutakutoa.

Mimi naipenda kazi yangu. Bado zitaniumiza?

Mapenzi ya kazi yanapunguza makali, hayaondoi hesabu ya usingizi. Tena anayeipenda kazi yake ana hatari nyingine: hakuna anayemzuia, hata yeye mwenyewe. Jipime kwa swali moja. Ukikosa kazi kwa siku 2, unapumzika au unahangaika kama mtu aliyenyang'anywa kitu? Ukihangaika, kazi imeacha kuwa starehe.

Nikifidia usingizi wikiendi, si inatosha?

Inasaidia kidogo, haifuti deni. Watu wazima wanahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Katika jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2003, waliolala saa 6 kwa siku 14 mfululizo walipungukiwa umakini kufikia kiwango cha mtu aliyekesha hadi usiku 2. La kutisha zaidi, wao wenyewe walijiona wamesinzia kidogo tu. Kwa hiyo ule msemo wa "mimi nimezoea kulala saa 5" hauthibitishi chochote. Uwezo wa kujipima ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea.

Kulala hadi saa 6 mchana Jumapili pia kunasogeza saa ya mwili mbele, unakosa usingizi usiku, na Jumatatu unaianza ukiwa na deni jipya. Ongeza saa 1 au moja na nusu asubuhi, basi, na usinzie dakika 20 mchana.

Kahawa na pombe je?

Kafeini inachukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini. Kikombe cha saa 10 jioni, nusu yake bado iko saa 3 usiku. Kunywa cha mwisho kabla ya saa 8 mchana. Pombe inakulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku. Ukihitaji kunywa ili ulale zaidi ya mara 2 kwa wiki, mwambie daktari.

Nafanya zamu za usiku. Kuna namna ya kupunguza madhara?

Ipo, ingawa mwili haukubali kabisa kugeuzwa. Ratiba nzuri inasonga mbele: zamu ya asubuhi, kisha mchana, kisha usiku. Ikirudi nyuma, mwili unalazimishwa kulala kabla ya wakati wake. Omba usiku usiozidi 3 mfululizo, na saa 11 au zaidi kati ya zamu na zamu. Ukitoka saa 5 usiku, hupaswi kurudi kabla ya saa 4 asubuhi.

Kabla ya usiku wa kwanza lala saa moja na nusu alasiri. Kahawa inywe nusu ya kwanza ya zamu. Asubuhi vaa miwani ya jua ukirudi, lala kwenye chumba chenye giza na ubaridi kiasi, zima simu, na waambie wa nyumbani saa zako kama ambavyo ungewaambia saa za kazi. Usiendeshe gari ukiwa umekesha: kukaa macho saa 17 mfululizo kunalegeza umakini kama pombe ya kiwango cha 0.05% kwenye damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafika hapo saa 4 usiku.

Nafanyia kazi nyumbani na siku haina mwisho.

Tatizo hapa ni kukosa mlango wa kutokea. Utengeneze. Chagua saa ya kufunga, kisha dakika 15 kabla yake andika mambo 3 ya kesho na mahali ulipoishia katika kila moja. Akili huachia kwa urahisi kazi iliyoandikwa kuliko iliyoning'inia kichwani. Funga kompyuta, iweke usipoiona, toka nje utembee dakika 15 hata kama huna pa kwenda. Ondoa barua pepe za kazi kwenye simu, au zima arifa zake. Kwa dharura za kweli, kubalianeni kwamba mtu atakupigia. Kupiga kunamfanya mpigaji afikirie mara mbili. Ujumbe hauna gharama kwa anayeutuma.

Ufaransa imeliweka suala hili kisheria: tangu 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinapaswa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi.

Nimwambie vipi bosi bila kuonekana mvivu?

Usiende na hisia peke yake, na usiende siku ambayo kuna moto wa kuzima. Omba dakika 30. Nenda na yale maandishi ya wiki 2 na orodha ya kazi zako, kila moja na makadirio ya saa. Kisha sema jambo moja: "Mkuu, wiki 2 zilizopita nimefanya saa 57 na 60. Kazi nilizonazo ni 6, na kwa saa 45 zinaingia 4. Naomba tuamue pamoja zipi 2 zisubiri au apewe mwingine." Kisha nyamaza umsikilize.

Makosa ya kawaida ni haya. Kuomba "kupunguziwa mzigo" bila kutaja upi, ukapewa pole na kurudishwa mezani. Kuomba msaidizi, ukapewa mgeni wa kumfundisha na saa zikaongezeka kwa miezi 2. Kukubali ahadi ya "tukimaliza hili tutapumzika" bila tarehe. Baada ya kikao mwandikie ujumbe mfupi: mlichokubaliana, nani, lini. Si lazima utaje ugonjwa wowote. Unaweza kusema tu kwamba kiwango hiki huwezi kukiendeleza na ubora wa kazi umeanza kushuka. Ikiwa bosi mwenyewe ndiye tatizo, peleka maandishi yaleyale kwa afisa rasilimali watu, chama cha wafanyakazi, au ofisi ya kazi.

Ovataimu ndiyo inayonilipia bili. Nifanye nini?

Hatutakwambia uiache. Iwekee ukomo na mwisho. Kwa Japani, ambako kifo cha kufanya kazi kupita kiasi kina jina lake, karoshi, mamlaka huangalia ovataimu ya saa 100 katika mwezi kabla ya kuugua, au wastani wa zaidi ya saa 80 kwa mwezi katika miezi 2 hadi 6. Saa 80 kwa mwezi ni karibu 20 kwa wiki juu ya 40 za kawaida, yaani wiki ya saa 60. Kaa mbali na mpaka huo. Linda siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Zikusanye saa za ziada kwenye siku 2 au 3 ili siku nyingine utoke mapema, badala ya kuzinyunyiza kila siku. Na jua lengo lake: deni fulani, ada fulani, mwezi fulani wa kuacha.

Nimuone daktari lini, na atafanya nini?

Dalili zikikaa wiki 2, zikivuruga kazi au nyumba, au ukianza kutumia pombe na dawa ili uvumilie. Nenda hata kwa daktari wa kawaida. Huenda akatumia dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea humfanya achunguze zaidi. Peke yake si hukumu. Anaweza pia kupima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huiga uchovu wa kazi vizuri sana.

Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote. Dawa za sonona huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifanyi kazi. Usiziache ghafla. Mwambie daktari saa zako kwa namba, vinginevyo atatibu usingizi wakati kinachouharibu kiko kwenye ratiba.

Mwenzangu amesema bora afe. Nifanye nini?

Mchukulie kwa uzito leo hii. Mkae pembeni, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, au akiwa na mpango, usimwache peke yake, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mpeleke hospitali au piga namba ya dharura. Usimwahidi kutunza siri. Ikiwa ni wewe mwenye mawazo hayo, mwambie mtu mmoja sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Mimi ni meneja. Nikipunguza saa, kazi si itarudi nyuma?

Inategemea ulikuwa unapata nini kwenye zile saa za mwisho. Mwaka 2014 mchumi John Pencavel alichambua takwimu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Juu ya takriban saa 49 kwa wiki uzalishaji wa kila saa ya ziada ulianza kushuka, na wiki ya saa 70 ilitoa karibu sawa na ya saa 56. Saa 14 zilizoyeyuka. Iceland nayo, kati ya 2015 na 2019, ilijaribu wiki ya saa 35 au 36 kwa wafanyakazi wapatao 2,500 bila kupunguza mishahara, na sehemu nyingi huduma zilibaki vilevile au zikaboreka.

Pale majaribio kama haya yanapokwama, sababu mara nyingi ni moja: saa zimekatwa, kazi haikukatwa. Watu wanabeba kompyuta nyumbani na saa zinapotea kwenye ripoti, si kwenye maisha yao. Kwa hiyo anza na kazi. Pitia vikao vyote, futa visivyo na uamuzi. Tafuta ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Chagua moja, usiitume kwa mwezi mzima, uone kama kuna atakayeuliza. Hesabu nafasi zilizo wazi ambazo mzigo wake unabebwa kimyakimya. Kisha weka ukomo, na uufuate wewe kwanza: meneja anayetuma ujumbe saa 5 usiku na kuandika "si haraka" ameshaharibu sera yote.

Tumeleta semina za kutuliza akili na programu za kutafakari. Hazitoshi?

Hazidhuru, ila zinamwelekeza mtu avumilie zaidi kitu kilekile. William Fleming wa Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa Uingereza: walioshiriki programu za aina hii hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Pesa hiyo iajiri mtu mmoja kwanza.

Mfanyakazi anarudi baada ya likizo ya ugonjwa. Tumpangie vipi?

Usimrudishe Jumatatu kwenye wiki kamili. Mpango unaofaa wengi, kwa makubaliano na daktari wake: wiki 1 na 2, nusu ya saa, wiki 3 na 4, robo tatu, kisha kamili, bila ovataimu wala zamu za usiku kwa miezi 3. Kabla hajafika, futa barua pepe zilizorundikana au mpe mtu azichuje, kwa sababu ujumbe 1,400 siku ya kwanza unaweza kumrudisha alikotoka. Muulize mwenyewe wenzake waambiwe nini. Kutaneni dakika 20 kila wiki, mkianza na usingizi wake na saa alizofanya kabla ya kugusa kazi. Na ile kazi iliyomlaza, kagua nani ameibeba wakati hayupo, maana huenda huyo naye ameshafika saa 58.